Ndege Yenye Mwiba

Mama mdogo tulimzika baada ya swala ya Ijumaa, na kesho yake asubuhi wanawake tulikuwa bado uani kwetu, Nyamirambo, tukimenya vitunguu na kukosha masufuria ya watu kabla hayajarudishwa. Ua mzima ulinuka mafuta yaliyopoa na maji ya sabuni. Hapo nikasikia mlio juu. Haukuwa ule wa ndege kubwa zinazoshukia Kanombe, ambao mtu wa Kigali ameuzoea hata hausikii tena. Huu ulikuwa mwembamba, wa injini moja, unaokwenda bila kupumzika kama cherehani inayoshona pindo refu. Nikasimama na kisu mkononi, nikainua kichwa. Hakuna mwingine aliyeinua.

"Umeshikwa na kizunguzungu?" jirani mmoja akaniuliza.

"Hapana. Natazama ndege."

"Ndege ya nini?"

"Ndiyo ninatazama."

Akacheka kidogo, kicheko cha msibani kinachoishia puani, akarudi kwenye kitunguu chake. Ilikuwa ndege ndogo tu, nyeupe, mabawa yake juu ya mwili, magurudumu yakining'inia. Haikuwa na ajabu yoyote. Ila kwa muda ule ilipokuwa angani nilijikuta mtoto tena, nimelala chali juu ya tangi la maji, jua la kiangazi machoni, nikiisubiri ndege nyingine kabisa.

Mama mdogo, jina lake Feza, alikuwa mdogo wake mama, tumbo moja. Aliolewa ng'ambo, Kongo, kabla mimi sijazaliwa, na mimi nilimjua aliporudi kwetu akiwa mjane, na begi moja la bluu lenye zipu iliyokufa. Kabla sijamjua uso nilimjua kwa harufu: mafuta ya mawese, iliki, na moshi wa mkaa. Kiswahili chake hakikuwa kama chetu. Alisema "miye" na "mutoto", na sisi watoto wa mtaani tulimwigiza nyuma ya ukuta mpaka siku alipotusikia, akatoka, akatusahihisha namna tulivyomwigiza vibaya. Tangu siku hiyo nilikuwa wake. Alinisuka nywele akizungumza nami kama mtu mzima, akiniuliza rai yangu juu ya bei ya unga na tabia za majirani. Asubuhi alikaanga maandazi uani, kwenye jiko la mkaa ambalo sisi twaliita mbabura, na la kwanza kutoka kwenye mafuta lilikuwa langu. "Onja, uniambie kama watu watatukana," alikuwa akisema.

Nyumba yetu ilikaa kwenye mteremko. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi ya Mama, fundi wa nguo, na cherehani yake ndiyo ilikuwa sauti ya nyumba. Ikinyamaza, ujue kuna jambo. Katikati ya chumba kulikuwa na meza kubwa ya kukatia vitambaa. Baba, aliyekulia Bujumbura, aliendesha teksi, na kijiwe chake kilikuwa Remera, kwa hiyo alikuwa akipeleka abiria uwanja wa ndege mara kwa mara. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua, tangi la maji la saruji, na juu yake anga yote mpaka kwenye mgongo wa Mlima Kigali.

Sisi watoto tulikuwa tumezigawa ndege zote za anga ile katika makundi mawili. Kulikuwa na ndege za watu, zile kubwa, ambazo tulizipungia mikono tukitaja nani wetu yumo, na kulikuwa na helikopta, ambayo hatukuipungia kwa sababu tuliambiwa ndani yake hukaa wakubwa na wakubwa hawapungiwi. Basi. Hatukujua kuwa kuna nyingine.

Kiangazi kile, shule zikiwa zimefungwa, ikaja hii. Ilitokea nyuma ya Mlima Kigali upande wa mto Nyabarongo, chini kuliko ndege yoyote niliyowahi kuona, ikapita juu ya mnara wa msikiti, ikaenda zake. Baada ya muda ikarudi. Safari hii ilipita juu ya kibanda cha kinyozi. Ikaenda, ikarudi, na sasa ikaja sawasawa juu ya bati letu, mpaka vijiko vilivyokuwa kwenye sinia vikatetemeka.

Mama mdogo sikumwona akikimbia. Nilichosikia ni karai lake la maandazi. Lilianguka, mafuta yakamwagika kwenye mkaa, moto ukasimama ghafla kimo cha mtu kisha ukalala. Nilipogeuka, kigoda chake kilikuwa kitupu na kandambili yake moja ilikuwa kizingitini. Ndani, cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni, anatazama chini ya meza ya kukatia.

"Imepita?" sauti ikauliza kutoka huko. "Dada, imepita?"

"Imepita, Feza. Toka. Toka nikuone mguu."

Mguu wa kushoto ulikuwa umeungua, kuanzia kwenye vidole mpaka karibu na kifundo. Mama alimmwagia maji, bakuli baada ya bakuli, na Mama mdogo hakulia kwa ajili ya mguu. Aliendelea kusikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye bati la dari, na kila pikipiki iliyopita barabarani ilimfanya akaze vidole kwenye bega la dada yake.

Jioni Baba alisema alichopaswa kusema. Alisema polepole, maana alimheshimu shemeji yake.

"Feza, kwanza tuache kukaanga. Leo ni mguu wako. Kesho ni mtoto." Akanitazama mimi, nami nikatazama mkeka.

"Iko sawa, shemeji," Mama mdogo akajibu.

Lakini haikuwa sawa. Maandazi yale ndiyo yalikuwa kazi yake, na kazi ndiyo iliyomfanya aamke. Bila karai alikaa kitandani na mguu wake uliofungwa bendeji, mlango umefungwa, akisubiri kusikia mlio. Na mlio ulikuja, si kila asubuhi, lakini asubuhi nyingi.

Mama alinieleza kwa maneno machache kwamba kule Kongo, wakati wa vita, ndege ndogo ilipita juu ya kijiji chao, na ilipopita mara ya pili ikadondosha. Hakusema ilidondosha nini, wala mimi sikuuliza, kwa kuwa tayari nilikuwa na wazo langu, na wazo lenyewe lilinijaza kichwa chote.

Niseme nilivyofikiri. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nikiogopa kitu kilichokwaruza bati letu alfajiri. Nilikuwa nikijifunika shuka hadi utosini. Baba akanichukua siku moja, akanipandisha juu ya tangi, akanionyesha: mwewe, amesimama kwenye bati, anararua panya. Tangu asubuhi ile sikuogopa tena. Basi mimi nikaona hesabu ni ileile. Mama mdogo anaogopa kwa sababu hajui ile ni ndege gani. Nikijua mimi, nikamwambia, atatoka chini ya meza, atarudi kwenye karai lake, na la kwanza litakuwa langu.

Nikaanza kwa kuuliza. Kinyozi wetu, Selemani, alikuwa na jibu tayari, kama vinyozi wote.

"Ile iko napiga picha ya manyumba, sha," alisema, mashine ikinguruma kwenye kisogo cha mteja. "Bakimaliza picha, banakuja na tingatinga. Utaona."

Mteja akainua kidole kutoka chini ya shuka. "Wacha kutisha mtoto. Hiyo iko natafuta madini. Nimesikia kwa redio."

Nilirudi nyumbani nikikimbia, nimefurahi. Inatafuta madini! Neno hilo sikuwa nimelisikia kabla ya siku ile, lakini halikunishinda. Dini nilizijua. Sisi tulikuwa na dini, jirani zetu Wakatoliki walikuwa na yao, na wale wa kwenye ukumbi wa mabati waliokuwa wakiimba mchana kutwa walikuwa na yao. Dini zikiwa nyingi, ndiyo madini. Na si nilikuwa nimeiona kwa macho yangu ikianzia kwenye mnara wa msikiti? Siku ya pili niliifuatilia kwa makini zaidi, na wallahi ilipita juu ya kanisa.

Nilimwendea Mama kuhakikisha. Alikuwa na pini midomoni.

"Mama, sisi tuna madini?"

"Tungekuwa na madini," akasema kwa upande mmoja wa mdomo, "ningekuwa nashona suruali za watu hapa?"

Jibu hilo lilinisumbua sana. Nilikaa kizingitini nikilipima. Tulifunga, tuliswali, nilikwenda madrasa. Ingekuwaje tuwe hatuna? Nikaamua Mama hajui, au hakunisikia vizuri, nikaenda kwa aliyenihusu. Nilifungua mlango wa Mama mdogo bila kubisha.

"Usiogope ile ndege," nikamwambia. "Nimeijua. Inatafuta madini tu."

Nilitarajia acheke. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Nani anasema?"

"Kwa kinyozi. Wamesikia redioni."

Akapapasa bendeji. "Na kwetu ilianza vile vile," akasema, lakini si kwangu. "Banatafuta mawe. Banapata mawe. Kisha banakuya benye bunduki."

Sikuelewa mawe yametoka wapi. Nilikuwa nimezungumza habari ya misikiti na makanisa. Lakini nilielewa begi la bluu, lililotoka chini ya kitanda siku ileile, na nilielewa maneno yaliyopita pazia wakati wa kupakua chakula.

"Nitarudi kwa bakwe zangu," Mama mdogo alikuwa anasema.

"Urudi kwa nani, Feza? Nani amebaki huko?"

"Basi nitaenda kwengine. Penye hakuna mawe."

"Wapi duniani hakuna mawe?" Mama akauliza.

Ndipo nilipoacha kuuliza watu. Niliona wote wanasema, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameitazama. Kinyozi alikuwa anatazama vichwa, Mama alitazama sindano, Mama mdogo alitazama dari. Nilichukua kipande cha kitambaa cheusi, mabaki ya koti la mtu, na chaki bapa ya Mama ya kuchorea vitambaa, nikapanda juu ya tangi la maji, nikalala chali.

Kuitazama ndege ni kazi ngumu kuliko unavyodhani. Inakuja, moyo unaruka, inapita, na ukijiuliza umeona nini, umeona ndege. Asubuhi ya kwanza nilichora msalaba, basi. Asubuhi iliyofuata nilijiambia nitatazama mabawa tu, hata kama itataka kuniangukia: nikaona yamekaa juu ya mwili, kama mtu aliyebeba ubao kichwani. Siku nyingine nikatazama miguu, nikaona magurudumu matatu yananing'inia wala hayakunjwi. Nikatazama pua, nikaona propela moja. Nilianza pia kuelewa mwendo wake. Haikuzunguka kama mwewe anayetafuta. Ilikwenda moja kwa moja, ikageukia mbali, ikarudi moja kwa moja, kila mara pembeni kidogo ya pale ilipopita mwanzo, kama mtu anayelima tuta baada ya tuta.

Halafu nikatazama mkia. Nilidhani jua limenidanganya, nikafuta macho, nikasubiri irudi. Ulikuwepo. Nyuma ya mkia, pale ambapo ndege inapaswa kuwa imekwisha, palikuwa na kitu kimeendelea: fimbo ndefu, nyembamba, nyeupe, imenyooka nyuma kama mwiba wa nyigu.

Niliuchora mwiba ule papo hapo. Nilimwonyesha Mama akasema ni moshi. Mteja wake mmoja akasema ni kamba. Lakini Baba, aliporudi mchana kula, alikishika kile kitambaa, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango, na tonge lake likabaki mkononi.

"Hii nimeiona," akasema. "Kanombe, imeegeshwa kando ya zile kubwa. Nilidhani wanaifanyia matengenezo, hiyo fimbo." Akafikiri. "Kuna dada mmoja Mtanzania, nimembeba mara nyingi kutoka uwanjani mpaka Gisimenti. Anaitwa Neema. Hunambia anafanya kazi kwenye ndege ndogo, mimi nikadhani anazifagia."

"Nipeleke, Baba."

"Kwa nini?"

"Mama mdogo ataondoka."

Baba alimaliza kula. Jumapili akaniambia nivae viatu.

Tulimkuta kwenye kiduka cha chakula Gisimenti, kwenye meza ya nje, anakula ndizi za kuchoma na mshikaki mmoja, nywele zimefungwa kwa kitambaa. Alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia. Baba akamsalimu, akaeleza kwa aibu kidogo kwamba mtoto wake ana swali. Akaagiza Fanta mbili. Mimi nikatandika kitambaa changu mezani, kati ya chumvi na pilipili.

Dada Neema alikitazama. Akafuta vidole, akakivuta karibu.

"Nani kachora hii?"

"Mimi."

"Uliiona ukiwa wapi?"

"Juu ya tangi."

"Na umeuona mwiba ukiwa juu ya tangi?" Akamgeukia Baba. "Watu wanapanda ngazi ya ndege hii wasiuone." Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiswahili kile cha kwao kilichonyooka kama shuka iliyopigwa pasi. "Haya, mwanangu. Uliza."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. "Mnatafuta dini gani?"

Hakuelewa. Nikamweleza habari ya madini, msikiti na kanisa. Baba akafunika uso kwa mkono. Dada Neema alicheka, lakini kicheko chake hakikuniumiza. Alicheka akinishika mkono ili nisiondoke, na alipomaliza akaniambia madini ni nini. Ni mawe, akasema, mawe yenye kazi, yaliyolala ndani ya ardhi chini ya kila dini. Ikaniingia taratibu. Mawe. Nikakumbuka uso wa Mama mdogo pale kitandani.

"Na mwiba?"

"Ndani ya mwiba kuna kifaa kinachosikia sumaku. Mawe mengine yana sumaku kidogo, ndogo mno. Sasa, injini ni chuma. Kifaa kikikaa karibu na injini kitasikia injini tu. Ndiyo maana tumekisogeza nyuma, mbali."

"Kama Mama," nikasema. "Akitaka kusikia adhana anasimamisha cherehani."

"Ila sisi hatuwezi kuisimamisha injini, tutaanguka. Kwa hiyo tunakwenda kusikilizia mkiani."

Nikafika kwenye swali lililonileta. "Inadondosha wapi?"

"Inadondosha nini?"

Nilimtazama Baba. Ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, akiizungusha chupa yake: habari ya shemeji yake, ya kijiji, ya mguu. Dada Neema aliacha kutafuna. Akaniomba chaki. Ubavuni mwa ndege yangu akafungua dirisha, akachora vichwa vitatu.

"Huyu rubani. Huyu mwenzake. Huyu wa nyuma, kwenye mashine, ni mimi. Hakuna mwingine na hakuna kitu kingine. Sakafu yake haina mlango, haina pa kudondoshea hata karanga. Na mwambie mama yako mdogo jambo moja ambalo hata bosi wangu sijamwambia. Tunaruka chini chini, na joto likianza kupanda ndege inarushwarushwa kama ungo. Ndiyo maana tunatoka asubuhi. Na mimi kila siku natapika. Kila siku ya Mungu. Nina mfuko wangu."

"Mkiyapata mawe," nikasema, "wenye bunduki watakuja?"

Baba akasema jina langu, kunikanya. Lakini dada Neema alijibu, na hakutabasamu.

"Sijui, mwanangu. Mimi najua ndege na najua sumaku. Nikikuambia najua na yatakayofuata, nitakuwa nakudanganya."

Njia nzima ya kurudi nilikishika kitambaa kwa vidole viwili ili chaki isifutike. Mama mdogo alikuwa kitandani, begi miguuni pake. Nikamwambia yote, bila kupumua: mabawa, magurudumu, mwiba unaosikia, sakafu isiyo na mlango. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanivuta nikakaa karibu naye.

"Miye najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua kama haina bomu. Toka siku ya kwanza. Ingekuwa na bomu, Selemani angekimbia mbele yangu, si unamujua?" Akaugusa mguu wake wa bendeji. "Kichwa inajua, mwanangu. Miguu ndiyo haijue. Ikisikia, inabeba kichwa, inaenda nayo."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa kishindo, kama mtu aliyeibiwa, kwa sababu kiangazi kizima nilikuwa nimetafuta kitu ambacho mwenyewe alikuwa nacho. Mwewe alikuwa amenidanganya. Mama mdogo aliniacha nilie, kisha akachukua kitambaa akakisogeza kwenye mwanga.

"Na hawa?"

Nikamwonyesha kwa kidole, huku kamasi zikinitoka. Rubani, mwenzake, dada Neema anayetapika.

"Anatapika?"

"Kila siku. Ana mfuko."

Kitu kikamtikisa mabega. Nilidhani naye analia. Alikuwa anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu karai lianguke, mpaka Mama akaja mlangoni na tepu shingoni kutazama kuna nini. "Maskini," Mama mdogo akasema, akijifuta macho. "Mutoto wa watu. Nani anamupikia uji?" Kisha, baada ya kutulia: "Na ya bunduki, ulimuuliza?"

"Amesema hajui."

Akatikisa kichwa taratibu, akikitazama kile kichwa cha nyuma. "Huyo hasemi uongo," akasema. Begi lilibaki pale miguuni pa kitanda, halikufungwa wala halikufunguliwa, na siku mbili tatu baadaye nikalikuta limerudi chini ya kitanda. Sikuona nani alilirudisha.

Sitaki mtu afikiri mambo yalinyooka. Ndege ilipokuja tena, Mama mdogo alikimbia chini ya meza kama kawaida, mguu mbovu na mzima ikishindana. Lakini safari hii nilikuwa na kazi. Nilisimama kizingitini, macho juu, nikamtangazia.

"Iko juu ya msikiti. Inakwenda. Inageuka sasa, huko kwenye mlima. Inarudi, lakini si kwetu, ni kwa kinyozi. Sasa dada Neema anafungua mfuko."

Kutoka chini ya meza kikatoka kicheko kifupi, chenye hofu ndani yake, lakini kicheko.

Ikawa hivyo. Asubuhi nyingine alikaa kwenye kigoda kando ya meza, mkono umeshika mguu wa meza. Baadaye kigoda kikasogea karibu na mlango. Siku moja ndege ilitokea ghafla nyuma ya mlima, upepo ukiwa umeuficha mlio, na tukarudi mwanzo kabisa: meza, magoti, "Imepita?" Nilikata tamaa siku ile. Yeye hakukata. Kesho yake alimwomba Baba ruhusa ya karai, na Baba akaikalisha mbabura chini, akaizungushia matofali pande zote, akaitikisa kwa mguu mpaka akaridhika. Mama mdogo akakaanga akiwa amekaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, nami juu ya tangi nikitangaza. Mlio ulipokuja alifumba macho, akabana mwiko kwa mikono miwili. Hakuinuka. Maandazi yale yalikuwa meusi upande mmoja, na watu walitukana kweli.

Kisha asubuhi moja haikuja. Nilikuwa juu ya tangi tangu jua halijapita ukuta, na anga ilikuwa na vumbi lake la kiangazi na mwewe wawili, basi. Mafuta yalikuwa yakichemka. Mama mdogo alitumbukiza madonge, akayageuza, akasikiliza.

"Haikuye leo?"

"Bado."

Akaendelea. Baada ya kitambo akauliza tena, nami nikasema tena bado. Nadhani wote wawili tulianza kuelewa kwamba tuta la mwisho limelimwa, kwamba dada Neema yuko mahali pengine, juu ya mlima mwingine, na mfuko wake. Mama mdogo aliweka mwiko kando. Akafuta mikono kwenye kitenge, akainuka, akatoka kizingitini. Alivuka ua akichechemea, akapita kamba ya nguo, akaja mpaka katikati, pale ambapo bati halifiki, akaweka kiganja juu ya macho na kuinua uso.

Sikuwa nimewahi kumwona akiitazama anga.

"Huwa inatokea wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Alipageukia, akasimama, shingo imenyooka, akitafuta kwenye ule weupe mtupu kwa macho ya mtu asiye na haraka. Nyuma yetu maandazi yakaanza kunuka kuungua, na hakuna aliyekwenda kuyageuza.